Matuta Ninayodaiwa na Mwanamke wa Pichani

Siku hiyo tulikuwepo mimi, mdogo wangu Riziki, Papa Ramazani mfanyabiashara aliyetoka Kindu, Bwana Phiri mlinzi wa maduka, na Madame mmoja wa Kizungu aliyekuja kununua picha. Nawataja wote ili ujue kwamba macho yalikuwa mengi. Papa Ramazani haonji pombe, na Bwana Phiri alikuwa kazini. Wa sita simjui jina mpaka leo, naye ndiye aliyeniachia mzigo huu.

Umezoea kusikia kwamba mizimu hutoka usiku, si ndiyo? Huyu alitoka saa sita mchana. Alikuwa mkulima, na mkulima usiku analala.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka ikiwa bado changa. Wazazi wetu tulikuwa tumewazika kwetu Fizi. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, na nilikuwa nimeapa kwamba wadogo zangu hawatatawanyika. Lakini kiapo hakijazi sufuria. Mama mmoja wa Mponela, mbali na kambi, alikuwa amemwomba Riziki akamlelee mtoto, na angekuja kumchukua jioni ile ile.

Kazi yangu ilikuwa kueleza picha. Usicheke. Papa Ramazani alinunua picha kwa mchoraji wa mtaa wa Chilinde, akazipanga kando ya uzio wa maduka ya City Centre, mjini. Zote zilikuwa za wakulima: wanaolima, wanaotwanga, wanaofunga tumbaku. Zilichorwa sawasawa na watu wenyewe, mpaka ufa wa kisigino ungeuona. Wazungu walisimama na kuuliza maana yake nini. Papa Ramazani alijibu, "Ni mama analima," nao wakaondoka. Ndipo akanitafuta mimi mwenye Kifaransa kidogo na Kiingereza cha kuokoteza.

Nami nilieleza, ndugu yangu! Picha kubwa ilikuwa na wanawake watatu shambani, na wa katikati, mwenye kitambaa chekundu, ameinama na jembe. Kwa mnunuzi mmoja alikuwa mjane, kwa mwingine tasa, kwa mwingine bibi harusi aliyekimbiwa. Mgongo wake ulikuwa mateso ya Afrika, jembe lake matumaini. Papa Ramazani alikuwa akininong'oneza, "Mwanangu, ongeza machozi kidogo."

Jambo jingine ni hili. Kwetu hupiti penye watu wanaolima bila kuwapa pole ya kazi, na adabu inataka uongeze kwamba kesho utakuja kuwasaidia. Wao hujibu karibu, na yanaisha hapo. Sijawahi kumwona mtu aliyedaiwa hiyo kesho. Basi kila asubuhi nilipoikunjua ile picha, mdomo wangu ulisema wenyewe: poleni na kazi, kesho nitawasaidia. Nilijua ni picha. Lakini adabu haiulizi.

Siku hiyo Papa Ramazani aliniahidi kwamba ile kubwa ikiuzwa, ananiweka kazini moja kwa moja. Maana yake Riziki haendi Mponela. Nilimweleza Madame kwa nguvu zangu zote. Nikamwambia mume wa huyu mama alifia mgodini na ng'ombe wake wote wakafa kwa huzuni. Madame akafuta macho, akaenda garini kuchukua mkoba wake.

Riziki akanivuta mkono. Kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya. "Yaya, pale katikati hakuna mutu."

Nikatazama. Wanawake wawili. Kati yao jembe limesimama peke yake kwenye udongo. Nilipogeuka, mwenye kitambaa chekundu alikuwa nyuma yangu, mikono kiunoni, tope mpaka magotini.

"Yaya," aliniambia, "bwana yangu hakukufa. Na ng'ombe hatujakuwa nayo hata siku moja."

Niamini, nilichoshangaa kwanza ni Kiswahili chake cha Fizi. Nikamuuliza amekitoa wapi. Akasema amekitoa kwangu, kwani nashinda mbele yake nikipiga kelele kutwa nzima.

Bwana Phiri alisema zikomo, yaani samahani kwa lugha yake, akaenda kulinda geti la upande mwingine. Papa Ramazani alisoma dua yote anayoijua, kisha, kwa kuwa ni mfanyabiashara, akamwomba kwa heshima arudi ndani kabla mteja hajafika.

"Nitarudi," mwanamke alisema. "Lakini huyu kila siku ananiambia kesho. Njo maana nimetoka. Kesho yako inafika lini? Matuta yangu mane ingali na majani."

Madame alikuwa anafunga mlango wa gari. Ungefanya nini? Nilimtazama Riziki, nikasema nitayapalilia yote manne, naapa kwa kaburi la mama.

Akanikazia macho, akaingia kama mtu anayeruka mfereji. Ila hakuinama tena. Alisimama wima kwenye picha, mkono kiunoni, akinitazama mimi.

Madame alifika akauliza kwa nini mama huyu sasa amesimama. Uongo ulinikaukia mdomoni. Nikamwambia, "Anamngoja mtu aliyemwahidi kumsaidia." Madame akafungua mkoba. Akanunua.

Riziki hakwenda Mponela; yuko hapa, ana watoto wake sasa. Lakini Madame alirudi kwao na picha, nami sijui ni nchi gani. Kila mvua za kwanza zikinyesha, viganja vyangu vinatoka malengelenge bila kushika jembe.

Kwa hiyo nakuonya: picha itazame, isifu ukitaka, lakini usimwahidi kazi mtu aliyechorwa akifanya kazi. Na ukipita mahali ukamwona mwanamke wa kitambaa chekundu amesimama shambani mkono kiunoni, mwambie sijakimbia. Niulizie tu njia ya kufika kwake. Matuta bado ni manne.