Shemeji Asiyejua Kwenda Polepole

Nilitoka Mwanza kwa sababu ya simu ya dada yangu Zuhura: "Njoo umfundishe shemeji yako kuvua, la sivyo Jumapili boti inauzwa." Shemeji Juma, mstaafu wa jeshi la Uganda, alinunua boti awapeleke watalii kuvua sangara, ambaye Kampala wanamwita mputa. Miezi minne hata mkia hajauona. Mnunuzi alishapatikana, na aliyempata ni Zuhura mwenyewe.

Alhamisi mchana, mpakani Mutukula, afisa alizipapasa fimbo zangu nne za kuvulia ndani ya mkeka, akauliza kama ni za mapazia. Nikamwambia ni za samaki. Akasema samaki wa Uganda hawatumii mapazia, akanipitisha.

Ijumaa asubuhi tulishuka kutoka kwao Kansanga, Kampala, hadi mwaloni Ggaba, boti zinakoegeshwa kando ya ziwa. Boti ilikuwa ya kijani, rangi ya jeshi, na injini yake ingetosha kufukuzia majambazi. Tulitoboa kingo kwa drili, tukafunga mishikio minne ya fimbo: miwili nyuma, miwili pembeni ikilalia nje ili nyuzi zisisokotane. Kila uzi nikaufunga samaki wa bandia mwenye ndoano. Shemeji alikaza kila skrubu mara tatu. Namtania, lakini kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko mimi.

Jumamosi tukaingia ziwani. Uvuvi huu ni wa kukokota chambo nyuma ya boti, taratibu, ili sangara adhani ni samaki mdogo mgonjwa. Nilimweleza mara tano.

"Kale, nasikia," akajibu, yaani "sawa" kwa Kiganda. Dakika mbili baadaye vyambo vyetu vilikuwa vinaruka juu ya maji.

"Shemeji, punguza!"

"Hii ndiyo pole ya mimi! Kwa jeshi, boti ikienda pole wanakupiga risasi."

"Nani atakupiga hapa, mputa?"

Dada, aliyekuja eti kuiaga boti, alicheka mpaka akajishika mbavu. Shemeji hakucheka. Aliangalia maji, akasema kwa sauti ndogo, "Mukiuza hii, mimi nitaamka asubuhi kufanya nini?"

Nilijisikia vibaya. Zuhura akainuka, akamsukuma mumewe pembeni na kushika mkono wa injini.

"Miaka ishirini nimekungoja utoke kambini," akamwambia. "Kwenda pole najua mimi."

Boti ikatulia. Hatukumaliza hata chai ya chupa, fimbo ya kushoto ikapinda na uzi ukaanza kukimbia. Shemeji akaidaka, akavuta na kulegeza, akavuta tena, jasho likimtoka. Sangara alipoingia botini, mzee mzima alikaa chini akalia.

Jumapili mnunuzi alikunywa supu ya samaki, akaambiwa boti haiuzwi.

Mimi najua kufunga fimbo kwenye boti yoyote. Safari hii imenifundisha kuuliza kwanza nani atakaa kwenye injini.

Jumapili hiyo jioni shemeji alinisindikiza hadi kwenye basi, lakini hakutulia, kila mara anatazama saa.

"Acha mimi niende nilale mapema, shemeji," akasema. "Kesho tunatoka saa kumi na mbili, na afande wangu wa injini amesema akinikosa, ananiacha."