Nyimbo Tatu Zenye Jina Moja

Asubuhi niliyoanza kazi tulikuwa watu sita katika chumba cha Patron, pale Mweso: Patron mwenyewe, mwenye mashini, yaani kompyuta, na jenereta, Mama Zawadi, aliyeuza mikate ya mafuta mlangoni, muuguzi mmoja aliyekuja kutafuta wimbo, wadogo zangu Bauma na Furaha, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwaachia, na mimi Mapendo, mkubwa wao. Baba na mama walikuwa wamekufa mwaka ule, nami nilikuwa nimeacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari.

Ninyi mnaotafuta wimbo kwa kidole na kuupata hapohapo, nataka mjue tulivyokuwa tunafanya. Nitaeleza kazi yote kwa utaratibu. Lakini kubwa liko Ntoto, maana huko nilifuta sauti ya mama mmoja aliyekwisha kufa, na mume wake bado ananingoja.

Patron aliniuliza, "Unajua kusoma?"

"Najua, Patron."

"Na Kifaransa ya ku mashini?"

"Nitaisoma mpaka nitaielewa."

"Na hawa batoto?"

"Ni wadogo zangu. Watakaa tu hapo."

"Wakigusa waya, wote watatu mutatoka," alisema. Mama Zawadi akacheka kule mlangoni: "Patron, uko naogopesha yatima na jenereta ya kukohoa!"

Kazi yetu iliitwa kutia nyimbo. Mteja alileta simu yake, au ile kadi ndogo inayokaa ndani ya simu, nami nilitafuta wimbo kwenye mashini na kuunakili. Patron alisema zamani katika baa za mjini kulikuwa na sanduku la nyimbo: unatia sarafu, unabonyeza namba, sahani inaanza kuzunguka. Programu yetu, alisema, ni sanduku lilelile lililoingia ndani ya mashini. Kila wimbo ulikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na vyumba: jina la wimbo, mwimbaji, albamu, urefu.

Muuguzi hakujua hata kimoja cha vyumba hivyo. Alisema, "Nipatie ile waliimbaka ku kilio ya mwalimu, ile yenye kuanza polepole."

Nilimtazama Patron. Patron alitazama dari.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanza. Mashini inaujua wimbo kwa jina la mwimbaji. Watu wetu wanaujua kwa siku ulipoimbwa: kilio cha nani, ndoa ya nani, ibada gani. Nyimbo nyingi zilizoletwa kwetu zilirekodiwa kwa simu kanisani, hazina albamu wala jina. Basi nikaanza kuandika tukio katika chumba cha jina: "Kilio cha mwalimu", "Ndoa ya Kashuga". Wateja waliongezeka, maana kwangu mtu aliomba wimbo kama alivyouliza nyumbani kwake. Patron aliusifu mtindo huo, nami nilijiona fundi.

Tatizo kubwa la kwanza lilikuja kabla sijamaliza miezi mitatu. Nilifika asubuhi, nikabonyeza wimbo, kimya. Nikabonyeza mwingine, kimya. Mbele ya kila mstari palikuwa na alama ya mshangao.

"Umeua miziki yangu!" Patron alipiga kelele. "Yote! Ata moja haikubakia!"

"Patron, diski kubwa iko na uzito uleule."

"Uzito gani? Unapima miziki ku kilo?"

Nilimwonyesha. Nilifungua diski, ile ya nje inayotunza nyimbo na kuchomekwa kwenye mashini, bila kupitia sanduku, na faili zote zilikuwamo. Nilikaa nazo mpaka jua likawa utosini, nikisoma mistari miwili ya anwani kama mtu anayelinganisha barua. Sanduku lilisema nyimbo ziko katika diski E. Mashini ilisema diski ni F. Mtu alikuwa amechomoa diski na kuichomeka katika tundu lingine, na mashini ikaipa herufi nyingine. Niliirudishia herufi yake, nikafungua sanduku tena, na wimbo ukalia. Siku hiyo nilielewa jambo ambalo kila mfundishwa wangu nimemwambia kwanza: sanduku halina wimbo hata mmoja ndani yake. Lina orodha tu, inayoonyesha wimbo unakaa wapi. Ukifuta mstari katika orodha, wimbo upo. Ukifuta katika diski, umekwenda. Programu huuliza kila mara ufute wapi, kwa maneno yanayofanana sana, na vitufe vyake viwili vinakaa bega kwa bega.

Kutoka Mweso Patron alinipeleka katika chumba chake kingine, Rubaya, chini ya Gérant, yaani msimamizi, aliyekuwa na haraka kama maji ya mteremko. Wachimbaji wa madini walishuka kutoka milimani na simu za bei ndogo, matope mpaka kwenye vitufe. Walilalamika kwamba tunawatilia nyimbo halafu simu inaonyesha sifuri. Gérant alisema, "Usiulize mingi, tia tu, mwingine aingie." Mimi niliuliza. Niligundua kwamba simu zile hazikuweza kufungua folda iliyo ndani ya folda nyingine. Zilisoma ya kwanza na kuishia mlangoni. Nikaanza kutandaza nyimbo zote mahali pamoja, na mchimbaji mmoja akaniambia, "Mama Miziki, leo simu yangu imefunguka masikio." Jina hilo, Mama Miziki, lilinifuata kila nilikokwenda.

Bauma alipomaliza shule ya ualimu, Patron alinituma Ntoto, upande wa Walikale, niwe gérante mwenyewe. Mashini, diski na bamba la umeme wa jua vilipanda na kushuka migongoni mwa wapagazi. Huko ndiko nilikomfahamu Papa Katekista, mkulima na mkuu wa kwaya. Aliingia na kofia mkononi, akaweka kadi mezani.

"Dada Mapendo, ndani ya hii njo iko bibi yangu."

Mke wake, Mama Sifa, alikuwa mwanzishi wa nyimbo katika kwaya. Aliimba mara ya mwisho katika ibada ya mavuno, na kabla ya mavuno yaliyofuata alikuwa amezikwa. Alimwacha mtoto wa kike anayenyonya.

"Kadi inaanza kuzimika-zimika," alisema Papa Katekista. "Unichungie wimbo ku mashini. Mutoto akipata akili, nitakuja nayeye. Asikie mama yake."

Nilinakili wimbo mbele yake, tukausikiliza wote wawili, na katika chumba cha jina nikaandika "Mavuno Ntoto". Katika chumba cha mwimbaji nikaandika "Chorale", yaani kwaya.

Siku ile ya mavuno kwaya tatu ziliimba wimbo huohuo, kwa sababu ndio wimbo wa kutoa matoleo, na kila kwaya hupita na vikapu ikiimba. Kwaya nyingine mbili nazo zilileta kadi zao. Nazo niliziandika "Mavuno Ntoto", "Chorale". Ningeandika nini tena? Hivyo ndivyo wateja wangeziomba.

Miaka ikapita, diski ikajaa. Programu ilikuwa na kazi ya kutafuta doublons, yaani nyimbo zinazojirudia. Inalinganisha jina, mwimbaji na urefu, lakini kulinganisha urefu kulinichelewesha, nikakuondoa. Ilinionyesha mistari mitatu iliyofanana kabisa. Nilibakiza mmoja, nikafuta miwili. Na kwa kuwa nilitaka nafasi, nilifuta katika diski, nikamwaga na pipa la taka. Kisha juu ya nafasi ile nikatia nyimbo mpya. Mtindo uliosifiwa Mweso ndio ulionipofusha Ntoto.

Papa Katekista alikuja na binti yake, aliyevaa nguo ya ibada. Nilibonyeza wimbo. Mtoto alitabasamu. Baba yake alisikiliza mpaka kiitikio, kisha akasema taratibu, "Huyu si yeye. Huyu ni Mama wa kwaya ya vijana."

"Papa, ngoja nitafute."

"Mama yake alikuwa navuta neno la mwisho. Huyu anaikata."

Mtoto akauliza, "Papa, sasa wangu iko wapi?"

Kadi yake ilikuwa imekwisha kuzimika kabisa, na ningeweza kusema ndiyo iliyoharibu wimbo. Mimi mwenyewe sina sauti ya mama yangu popote, na nilijua mtoto yule alikuwa akiuliza nini. Nikamwambia baba yake, "Ni mimi njo nilifuta. Nilifikiri ni wimbo moja mara tatu."

"Ju ya nini haukusikiliza kwanza?" aliuliza.

Nilijaribu programu ya kufufua faili zilizofutwa. Ilinirudishia vipande vya nyimbo nyingine, na kelele. Basi nikaacha mashini, nikaanza kutafuta kwa watu. Wimbo katika kazi yetu haukai mahali pamoja: niliutia katika simu hii, ikautuma kwa ile. Niliuliza kwaya nzima, nikauliza wapagazi, nikamwomba Furaha, aliyekuwa bado Mweso, aulize huko. Kila simu ya zamani niliyoletewa niliifungua na kusikiliza kila faili kwa masikio yangu, bila kuamini jina lolote.

Mwanakwaya mmoja alikuwa ameukata mwanzo wa wimbo uwe mlio wa simu yake. Nilimpelekea Papa Katekista mlio huo nyumbani. Ilisikika pumzi, kisha sauti ya Mama Sifa ikaanzisha mstari, ikalivuta neno la mwisho, ikakatika. Binti alisema, "Rudilia." Tulirudia mpaka betri ya simu ikaisha moto.

"Ni yeye," alisema Papa Katekista. Kisha akanigeukia. "Umelipa mustari moja, Dada Mapendo. Ingine nakungojea."

Mwaka jana niliacha kazi. Macho hayasomi tena vyumba vile vidogo, na wateja wamepungua, kila mtu na sanduku lake mfukoni. Furaha ndiye anayeshika mashini. Sijuti kuacha shule kwa ajili ya wadogo zangu wawili, na bado nashangaa jinsi kitu kinachoweza kupanga nyimbo elfu kisivyoweza kumtofautisha mwanamke mmoja na mwingine.

Siku za soko bado natoka na kuomba simu zilizokufa na kadi zilizosahauliwa ndani ya masanduku ya nguo. Wimbo ule una beti tatu. Nimerudisha mstari wa kwanza wa ubeti wa kwanza; yote yaliyobaki bado nadaiwa.