Paskazia Aomba Chumvi

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima zote, kwamba jamii kamilifu imepatikana. Wanafalsafa wameitafuta hadi nywele zikawatoka. Kumbe iko Bahi, unaacha lami, unapanda bodaboda, unakula vumbi lako, umefika. Wenye kofia na wavue. Raia wake wa mfano ni Paskazia Chilongani, mjane wa miaka sitini na kitu, ambaye hakosi kitu.

Hakosi kweli. Bomba liko uani. Umeme unawaka. Zahanati ina dawa, sentensi ambayo naomba muisome mara mbili. Mpunga umejaa ghalani, na watoto wake walioko mjini, Nkuhungu, wanamtumia hata asichoomba.

Zamani, maji yalipopatikana kwa kuchimbua mchanga wa korongo, Paskazia na jirani yake Ruthu walikaa pale tangu alfajiri wakingoja kata ijae, wakiwasengenya waume zao mpaka waume wenyewe wakakonda. Chumvi ikiisha kwa huyu, inatoka kwa yule. Moto ukizimika huku, kaa linaletwa kwenye kigae kutoka kule. Hakuna aliyetafuta sababu ya kuingia kwa mwenzake, dhiki ilitosha.

Basi dhiki ikafa, bila hata matanga. Kila uwanja ukaota ukuta, ukuta ukaota geti. Na ikazuka sheria isiyotungwa na bunge lolote: anayebisha hodi ilhali hana shida, anapeleleza. Kama hapelelezi, analoga. Miriam wa nyumba ya kona alikwenda kumsalimia mtu, salamu kavu tu. Ndama wa yule mtu akafa wiki ileile. Tangu hapo Miriam anatazamwa kama mbwa asiyejulikana ni wa nani.

Paskazia akamaliza kiangazi kizima bila kumsengenya mtu, na wenyewe mnajua hiyo si afya. Siku nyingine alisikia kicheko cha Ruthu upande wa pili wa ukuta, akaona wivu, akidhani mwenzake kapata shoga mwingine. Ilikuwa luninga, Ruthu anacheka nayo peke yake.

Jumamosi moja akachukua kopo lake la chumvi, akaimwaga yote kwenye shimo la taka, akafukia. Maana kwenda kuomba unacho ni uongo, na Paskazia ni mtu wa kanisani. Akaenda kusimama getini kwa Ruthu.

"Hodi kwa mama Luka!"

Geti likafunguka kiasi cha jicho.

"Mama Hilda? Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimeishiwa chumvi."

"Chumvi!" Ruthu alishtuka kama kaombwa figo. "Wewe? Na watoto wote wale mjini?"

"Imeisha, mwenzangu. Nitilie kidogo tu kiganjani. Jioni nakurudishia."

Hapo alishapiga mahesabu yake. Anayerudisha chumvi hupewa kigoda, na aliyekalia kigoda haulizwi anaondoka lini. Ruthu alipoingia ndani, Paskazia akafunga vizuri khanga yake, akaiweka tayari mdomoni habari tamu ya mke wa mwinjilisti na wigi lake.

Ruthu akarudi na pakiti nzima, haijafunguliwa.

"Chukua yote. Usirudishe."

"Lakini mimi nilitaka kidogo..."

"Ah, mbona ninayo tele! Usijisumbue kurudi, mama Hilda."

Akatabasamu, geti likafungwa.

Ubaya ni kwamba ule wema ulikuwa wa kweli. Angetukanwa, angepata la kujibu, na pengine wangeendelea hadi magharibi. Akarudi kwake, akapika mlenda, akala peke yake. Ulikuwa umekolea vizuri sana.

Mwezi uliofuata wakaja wageni wa mjini, wana makoti na kamera, wakiongozwa na mwenyekiti wa kitongoji, Batholomeo, ambaye alikuwa amenyoa kwa ajili yao. Wanataka kupiga picha za kitongoji cha mfano. Waligonga kwa Paskazia, naye akafungua upesi mno, hadi wa mbele akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo, mama. Mwenyekiti anasema hapa hajapokea kesi hata moja ya majirani mwaka huu. Hebu tuambie, mmewezaje?"

"Marahaba," alisema Paskazia. "Hatuonani."