Kidonge cha Asubuhi

Harufu ya kitunguu kibichi inanikera mpaka leo. Kwetu Ganako, Karatu, miaka ya tisini, mtoto akianguka kifafa walimpondea kitunguu wakamsogezea puani, mkono wameunyoosha mbali, maana waliamini povu lake likikugusa na wewe umekwisha. Na vitunguu havikukosekana, malori yaliyovibeba kutoka mashamba ya Mang'ola yalipita kila siku. Nilikuwa nazinduka pua inawaka, watu wamenizunguka kwa mbali wananitazama. Aliyenishika alikuwa mama peke yake.

Nilipofika darasa la tano, zahanati walimpa mama vidonge vyangu. Akawa ananipa kimoja asubuhi, pamoja na uji. Hakutaka niaibike shuleni. Nikianguka nyumbani, potelea mbali. Kweli, shuleni sikuanguka. Nililala! Kichwa kilikuwa kizito kama debe la mahindi. Jedwali la saba la kuzidisha nililolijua jioni, asubuhi silioni. Mwalimu wa darasa akamwita mama, akasema mimi nikiwa nimekaa pale pale: "Mama Natalia, ugonjwa umeshamla ubongo. Mchukue akusaidie shambani, usimtese bure."

Mama akainamisha kichwa. Mimi nilipandwa na hasira, nikalikumbatia dawati kwa mikono miwili. Siondoki! Nilichapwa, sikuliachia. Mwishowe mwalimu akachoka, akasema basi nibaki hadi mtihani wa muhula, nikifeli niende zangu.

Wiki hiyo mama alifuata dawa, akamlilia nesi. Yule nesi akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Anameza saa ngapi?" Mama akamwambia. Nesi akashika kiuno. "Jamani, mama! Dawa hii inaleta usingizi. Mpe anapokwenda kulala, itamlinda mpaka kesho yake." Mama hakuamini sana. Siku za kwanza aliacha palizi akaja kuchungulia dirishani mwa darasa, amejificha vibaya, watoto wanamcheka. Nilimwonea huruma, tena nilimpenda mno. Sikuanguka. Baada ya siku chache nikaanza kumsikia mwalimu mpaka mwisho wa sentensi, na jedwali la saba likabaki kichwani. Matokeo ya mtihani yalipotoka nilikuwa wa tisa. Mwalimu alilisoma jina langu mara mbili, kisha akaendelea na la kumi.

Sasa nafundisha hapa hapa Karatu. Kitunguu puani kimepungua, lakini bado naletewa watoto wanaosinzia na kuambiwa hawana akili, na wengine wamefungiwa ndani kabisa. Nawafuata huko huko majumbani, wazazi wakasirike wakitaka. Juzi sokoni nilikutana na mwalimu wangu yule, mzee sasa. Akanishika mkono kwa furaha. "Natalia! Kumbe ulipona!"

"Shikamoo, mwalimu," nikamwambia. "Sijapona. Dawa nameza mpaka leo. Ulinikuta na usingizi tu."