Barabara Iliyopambwa kwa Ajili ya Wageni

Tangu asubuhi Jovita alikuwa akirudiarudia hotuba yake. Ni mkamua mawese wa Kigwena huyu, mama wa watu, mikono yake myekundu hadi kwenye viwiko, na siku hiyo ndiye angezungumza mbele ya wageni. Kwa miaka mingi Rumonge iliomba fedha za barabara kivyake, Kizuka kivyake, Kigwena kivyake, huku kila upande ukiuchongea mwingine. Wote walitoka mikono mitupu. Mwishowe wakaambiwa walete ombi moja, na wenye fedha waje kujionea wenyewe. Wakakaa, wakazozana weee, wakakubaliana. Usemaji wakampa Jovita, kwa kuwa alizaliwa na kukulia uhamishoni Tanzania na Kiswahili chake kimenyooka. Wa mjini walimtania kwamba anaongea kama redio.

Hofu yake ilikuwa moja: Kezia, binti yake, mja mzito aliyekaribia kujifungua. Mwaka uliopita uchungu ulimshika mvua ikinyesha. Wakambeba kwa machela kuelekea hospitali ya Rumonge, wakafika pale ziwa lilipokula barabara, wakakuta maji na matope tu. Mtoto alizaliwa palepale, akafa kabla hajalia. Toka siku hiyo Jovita akiona wingu jeusi hukimbilia kwa Kezia.

Basi wageni wakapangiwa kupokelewa hapohapo, walione shimo kwa macho yao. Jovita alipofika, alitazama huku na huku. Shimo halikuwepo.

"Amahoro, mama Kezia," akamlaki Mustafa, muuza samaki wa Rumonge na mwenyekiti wa komite yao. "Umeona kazi? Jana watu ya pande zote tatu tulishinda hapa. Chini iko magogo ya michikichi, juu changarawe na udongo. Wageni watapitaje mu matope? Ni aibu kwetu."

"Lakini Mustafa, si hilo shimo ndilo tulilowaitia?"

"Watapita muzuri, watafurahi, watatoa."

Jamani! Ndivyo tulivyo sisi wa mwambao huu: mgeni akija, hata kidonda tunakifunika kwa kitambaa kizuri. Jovita alitaka kubisha, lakini magari yalikwishatokeza.

Yakapita juu ya shimo bila hata kuyumba. Mkuu wa wageni, mama mmoja mpole wa kutoka nchi jirani, akashuka akitabasamu. "Hongereni," akasema. "Nilidhani hali ni mbaya sana. Tulikotoka kuna barabara mbovu kuliko hii."

Hapo ndipo Mustafa alipoelewa. Uso ukamshuka. Shefu wa zone, kiongozi wa serikali wa eneo lile, akakohoa, akamnong'oneza Jovita atoe shukrani, wageni wana haraka.

Jovita akawatazama wakubwa wale. Kuwaaibisha wakubwa hadharani, yeye ambaye mpaka leo wapo wanaomwita Mtanzania! Kesho wangemwambia arudi alikotoka, na nani angemtetea? Kisha akamfikiria Kezia amelala kwenye ile machela, akaokota jembe lililoachwa kando ya barabara na kuanza kuchimba.

"Wewe mama, acha!" shefu akafoka. "Unatuharibia!"

Hakuacha. Jembe likawa linagonga mawe badala ya udongo. Umati wa wenyeji waliokuja kuwapokea wageni ulisogea kumtazama. Aliogopa kuinua kichwa asije akakuta askari. Alipofikia magogo hakuyaweza. Akavuta moja, likateleza, akavuta tena, huku machozi yanamtoka. Kisha akaona mikono mingine ikishika gogo lilelile. Ilikuwa ya Mustafa, kainamisha kichwa.

Gogo lilipong'oka, udongo ukadidimia na maji ya ziwa yakapanda yakajaa. Walipoondoa mengine, barabara ikawa imekatika nusu nzima. Mama mgeni alisogea hadi ukingoni, akachungulia. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Mvua ikinyesha," akauliza taratibu, "mgonjwa anapitaje hapa?"

Jovita akaiacha hotuba yote aliyoiandaa.

"Hapiti," akasema. "Mjukuu wangu wa kwanza nilimrudisha nyumbani nimemfunga kwenye kitenge. Wa pili anazaliwa mwezi huu."