Futari ya Ng'ombe wa Majaribio

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kupima mavi ya ng'ombe. Nasema mavi kwa sababu ndivyo watu wa Temeke walivyosema kila nilipopita: "Mpima mavi huyo!" Nikiwaeleza kuwa ile ni elimu, walizidi kucheka, nami hasira zangu zilikuwa za karibu, kwa hiyo mara mbili nusura tushikane mashati.

Lakini ilikuwa elimu kweli. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na zizi nje kidogo ya Temeke, na daktari wa mifugo, Mzungu mrefu aliyebabuka shingo kwa jua, alitaka kujua jambo moja: ng'ombe wa maziwa akilishwa majani makavu peke yake wakati wa kiangazi, je, yanamtosha? Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Pima kinachoingia mdomoni, pima kinachotoka nyuma, toa hiki katika kile. Kilichobaki ndicho tumbo lilichokichukua. Basi asubuhi nilipima majani na maziwa, kisha kutwa nzima nikakaa nyuma ya ng'ombe na ndoo yangu, maana kikianguka kikachanganyika na mchanga, hesabu ya siku hiyo imeharibika.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mwekundu, mpole, mwenye mazoea ya kunilamba mkono kwa ajili ya chumvi ya jasho. Nilimpenda, wala sioni haya kulisema.

Ramadhani ikatukuta katikati ya kazi. Sikuweza kuondoka zizini mpaka mwenzangu wa zamu afike baada ya isha, hivyo mke wangu akawa ananiletea futari pale pale. Siku ya kwanza alitandika mkeka, akafunua bakuli la muhogo wa nazi, kisha akasita. Ng'ombe alikuwa amenyoosha shingo anatutazama.

"Mie siwezi," akasema. "Tule vipi na mwenzetu anatutolea macho?"

"Huyo hafungi," nikamjibu. "Ni wa majaribio."

"Wewe magharibi yako inafika, unakula. Yake yeye nani atamwadhinia?"

Kwetu harufu ya chakula ikimfikia jirani, jirani ana haki yake, na mke wangu alikuwa ameshaamua jirani ni nani.

Kesho yake akaja na kikapu cha machicha. Mwezi wa mfungo kila nyumba inakuna nazi, inakamua tui, na machicha yake wanatupiwa kuku. Yeye alipita nyumba kwa nyumba akayakusanya. Ng'ombe alikula mpaka akalamba kikapu. Nilijua kabisa kwamba ni kosa. Lakini nilimwona mke wangu anamkuna ng'ombe katikati ya pembe, anamwambia, "Kula mama, kula," nikamwacha amlishe. Ikawa ndiyo desturi yetu mpaka mwezi ulipoandama.

Baada ya Idi daktari alikuja na daftari lake, uso umemchangamka. Maziwa hayakupungua! Ng'ombe hakukonda! Alinipiga bega, akasema majani haya yana nguvu kuliko alivyodhani, na sasa ataandika barua wafugaji wote wa huku waambiwe kwamba kiangazi majani makavu yanatosha, wasihangaike na pumba wala mashudu.

Nilirudi nyumbani miguu mizito. Nilipomweleza mke wangu, alikaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akashika kichwa.

"Kumbe nimeshibisha mmoja niue mia," akasema.

"Nikisema nitafukuzwa."

"Utafukuzwa," akakubali. "Tutakula mlenda. Ng'ombe wa watu watakula nini?"

Asubuhi nikasema yote. Daktari aliipiga ndoo teke, akatukana kwa lugha yake, akaondoka, nami nikaanza kukusanya vitu vyangu. Hata kuaga ng'ombe niliona aibu. Kesho yake, kabla sijaondoka, daktari alirudi na daftari jipya. Hakuniomba radhi, na wala sikustahili kuombwa. Alisema tu, "Tunaanza tena. Majani tu. Mke wako asije."

Mwezi ule sitausahau. Nilimpimia ng'ombe majani yale yale kwa mikono yangu mwenyewe, nikijua hayatoshi. Jioni aligeuza shingo kuelekea njia aliyokuwa akija mke wangu, akasubiri, kisha akarudi kwenye majani yake. Mbavu zikaanza kuhesabika. Maziwa yakashuka mpaka yakawa kibaba tu. Kila namba niliyoandika ilikuwa ya kweli, na kila moja iliniuma. Nyumbani mke wangu akikuna nazi, alifunika machicha upesi upesi nisiyaone.

Siku ya mwisho daktari alifunga daftari, akavua kofia. Akasema hayatoshi, hayatoshi hata kidogo, na ndivyo atakavyoandika: ng'ombe aongezewe pumba na mashudu, la sivyo atakwisha mwilini. Akanipa mkono. Wenzangu walisimama kutazama, Mzungu anampa mkono mpima mavi. Sikuona fahari yoyote. Niliomba ruhusa, nikaenda stoo, nikajaza karai pumba na mashudu, nikampelekea ng'ombe. Kisha nikasimama nyuma ya zizi nikalia.

Nilifika nyumbani jua limeshazama. Mke wangu alikuwa mlangoni. Nilikuwa na maneno mengi, ya barua, ya mkono, ya kazi kwamba imebaki. Hakuuliza hata moja.

"Ameshakula?"

"Ameshakula."

Ndipo akafunua kawa, tukala.