Mkanda Uliokuwa Ukilia

Enzi za Mwingereza, Mafia nzima nilikuwa na mtu mmoja tu wa kukaa naye, na nikamkosa kwa ajili ya mkanda wa feni.

Nilitoka Tanga kuja kuendesha lori la shamba la minazi, na kulitengeneza pia, maana fundi mwingine hapakuwa. Watu walikuwa wema: salamu, habari za kwenu, kisha kila mtu na njia yake. Huyo mmoja alikuwa mchochea moto wa tanuri la kukaushia mbata, mzaliwa wa Miburani, rika langu. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikuja na kahawa, tukakaa ubavuni mwa lori tukizungumza. Siku asiyokuja ilikuwa haina mwisho. Upweke ule nisingemwombea hata adui.

Mkanda wa lori ulikuwa umechakaa. Nilikwisha kuukaza mpaka mwisho, na mpya tuliungojea kutoka Dar es Salaam. Kila nikiwasha injini, ulilia. Siku moja nikamwambia, "Mlio huu unanitia ukiwa, ndugu yangu. Utadhani mtoto kaachwa peke yake nyumbani." Akatabasamu, akanimiminia kahawa.

Baada ya siku mbili mlio ukakoma. Nikamshukuru Mungu, wala sikujiuliza kitu. Fundi gani huyo.

Kisha taa zikaanza kufifia. Mbata tuliipeleka bandarini Kilindoni kabla ya mapambazuko tuwahi maji kujaa, na bila taa njia ile ya mchanga inakuingiza kwenye mnazi. Nikabadili globu. Nikakwangua nyaya zilizoliwa na chumvi. Nikaongeza maji ya betri. Safari moja taa ziliwaka vizuri, ya pili zikawa manjano kama kibatari. Ndipo nilipoutazama mshale wa chaji: hata nikikanyaga mafuta, ulilala upande wa kutoa. Betri inalisha taa, na yenyewe hailishwi. Nikafungua dainamo, nikakagua kaboni zake, nzima. Siku tatu zikapita hivyo, na kila asubuhi msimamizi akiniuliza ufundi nilisomea wapi.

Siku ya nne nikapitisha kidole kwenye mkanda, kikateleza. Nikakinusa: mafuta ya nazi. Pale kila kitu kilinuka nazi, hata shuka langu, ndiyo maana pua haikunisaidia. Ulipokuwa ukilia, mkanda ulikuwa bado unaizungusha dainamo. Uliponyamaza ulikuwa unateleza tu.

Nikatoka na hasira za siku tatu. "Nani kagusa gari langu?"

Wafua nazi wakageuka kunitazama. Yeye akatoka tanurini na majivu mikononi. "Mimi, ndugu yangu. Lilikuwa likilia."

"Kazi yako ni kuchochea vifuu," nikamwambia mbele ya watu. "Vya wenye akili waachie wenyewe."

"Niwie radhi," akasema, akarudi kwenye moto wake.

Nikauosha mkanda kwa sabuni, nikazifuta puli kwa petroli. Mshale ukapanda, taa zikawa nyeupe, na mlio ukarudi. Alasiri ile sikuletewa kahawa, wala siku iliyofuata. Nikimsalimu aliitika vizuri, kwa adabu zote, kisha akainama kazini. Hasira hasara, mimi nilikuwa naijua methali hiyo tangu chuoni, na haikunifaa kitu.

Ijumaa baada ya swala nikaenda na lori mpaka kwake Miburani kumtaka radhi. Nikamkuta mkewe akifunga mikeka.

"Karibu shemeji. Mwenzio hayupo. Kaomba ahamishiwe tanuri la kaskazini, huko Ras Mkumbi. Nami namfuata."

Nikamweleza niliyoyasema. Aliyajua. Akakunja mkeka mmoja mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

"Kwetu mlango wa mgeni ukilia, mwenyeji huupaka mafuta, hasemi. Kusema ni kumsimanga. Alirudi siku hiyo akaniambia mgeni wetu ana ukiwa, mlio unamtesa. Akachukua mafuta yangu ya nywele, kichupa kizima, akawa anadamka kuupaka kabla hujaamka."

Nikaaga, nikaenda kuwasha lori. Mkanda ukalia. Shemeji akatoka mpaka mlangoni, akasimama akisikiliza.

"Ndio huo?"

"Ndio huo," nikamwambia.